Magamba matupu ya mikokoni si mizoga ya kaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Tanga tunaliona mara kwa mara lakini hatujalipa uzito unaostahili. Maji yanapopwa sana wakati wa bamvua na watu wakaingia mikokoni kutafuta kaa, hukuta juu ya tope magamba matupu yenye magando mawili, miguu minane na hata vifuniko vya macho, ila ndani hamna nyama hata chembe. Hapo maneno huanza: kaa wanakufa, bahari imemwagwa sumu, kuna ugonjwa umeingia. Nimeyasikia maneno hayo Sahare na Tongoni, yakisemwa na watu wanaoijua bahari kuliko mimi, na wanafunzi wangu wa baiolojia huja nayo darasani kama walivyoyapokea nyumbani. Sikatai kwamba uchafuzi wa pwani ni jambo la kushughulikiwa. Ninachosema ni kwamba gamba tupu si mzoga. Ni dalili ya kaa aliyekua, naye yuko papo hapo karibu, amejificha shimoni au chini ya mizizi, akiwa laini na dhaifu kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Kwa kuwa hatulijui hilo, tunamkamata wakati ambao hana faida kwa mvuvi wala kwa mnunuzi, na mara nyingine wakati uleule anaojamiiana.

Kutofautisha mzoga na gamba lililovuliwa hakuhitaji maabara. Mzoga hunuka, na ndani yake mna nyama inayooza. Gamba lililovuliwa halinuki, ni jepesi mno, na limefunguka upande wa nyuma, pale gamba la mgongo linapokutana na mkia uliokunjwa chini ya tumbo. Ukilifunua kwa uangalifu utaona utando mwembamba uliokuwa umefunika matamvua, na hata vijino vigumu vilivyokuwa ndani ya tumbo la chakula vikisaga alichokula. Kaa huvua vyote hivyo kwa pamoja, na mimi kila ninapowaonyesha vijana gamba kama hilo likiwa zima huwa naona jinsi wanavyonyamaza wakilitazama.

Kaa, kamba, kambakoche, wadudu wote, buibui, nge, tandu, jongoo na kupe hawana mifupa ndani ya mwili. Kinachowashika ni gamba la nje, ambalo msingi wake ni kitini (dutu ngumu ya asili inayofanana na nyuzi za mimea) na protini, na kwa kaa na jamaa zake likiongezewa chokaa. Gamba hilo likishakauka halitanuki tena, hivyo mnyama anayekua hujikuta amebanwa kama mtoto aliyezidiwa na kanzu ya Idi ya mwaka jana, na hana njia nyingine ila kulivua na kuvaa jipya. Konokono na chaza hawamo katika kundi hili, kwa sababu wao huongeza gamba lao kidogokidogo ukingoni wala hawalitupi kamwe. Minyoo ya duara, kwa upande wake, imo: nayo hujivua mara nne kabla ya kukomaa, na mwaka 1997 watafiti waliolinganisha vinasaba walipendekeza kwamba wanyama wote wanaojivua, kuanzia minyoo hiyo hadi kaa na vipepeo, wana asili moja.

Kazi ya kuvua gamba huanza muda mrefu kabla ya gamba kupasuka. Ngozi iliyo chini hujitenga na gamba la zamani, ikaanza kutengeneza jipya likiwa laini na limejikunja, kisha ikatoa majimaji yanayoyeyusha tabaka la ndani la lile la zamani. Kilichoyeyuka hufyonzwa na kutumiwa tena, kwa hiyo kinachotupwa ni sehemu tu ya kilichokuwapo. Kaa huacha kula. Nyama ya magando yake husinyaa, kwa kuwa gando zima litapaswa kupitishwa katika kiungo chembamba kilicho karibu na mwili, na lingekuwa limejaa lisingepita. Siku ikifika, kaa hunywa maji mengi akavimba, gamba likapasuka nyuma, naye akatoka kinyumenyume huku akivuta mguu mmoja baada ya mwingine. Wako wanaonasa na kufa katika kazi hiyo. Anayefanikiwa huendelea kunywa maji ili alitanue gamba jipya lingali laini, kwani saa chache baadaye litaanza kuwa gumu na nafasi ya kuongezeka ukubwa itakuwa imepita hadi safari ijayo. Wadudu hufanya vivyo hivyo, ila wengi wa nchi kavu humeza hewa badala ya maji.

Hapa ndipo penye hasara ya mvuvi. Kaa aliyetoka kuvua gamba anaonekana mkubwa kuliko alivyokuwa wiki iliyopita, lakini ukubwa ule ni wa maji. Ukimbonyeza kifuani kwa kidole gamba hubonyea, na ukimpika utakuta maji mahali palipopaswa kuwa na nyama. Wanunuzi wa kaa hai wanaosafirisha nje ya nchi humkataa au humshusha bei, na mvuvi hurudi nyumbani akilalamika kwamba ameonewa, ilhali kaa yuleyule, angeachwa majuma machache ale na ajaze gamba lake nyama, angeuzwa kwa bei kamili. Unenepeshaji wa kaa, unaofanywa katika vizimba vilivyowekwa mikokoni, umejengwa juu ya elimu hii. Wanaoufanya huchukua kaa watupu na kuwalisha mabaki ya samaki hadi wajae. Pia hulazimika kumtenga kila kaa katika chumba chake, kwa sababu kaa mwenye gamba laini huliwa na wenzake. Thailand, Vietnam na Myanmar wamegeuza udhaifu huohuo kuwa biashara: kaa hufugwa katika visanduku vya mmoja mmoja, wafanyakazi hupita usiku na mchana kila baada ya saa chache kutazama nani amevua, na aliyevua huondolewa majini mara moja kabla gamba halijakauka, akauzwa akiwa laini ili aliwe mzima na gamba lake. Sidai kwamba tuwaige kesho asubuhi. Nasema kwamba wao wanaijua saa ya gamba kuvuliwa, na sisi wenye mikoko mizuri kuanzia Moa hadi Kipumbwi hatujaijua.

Lipo jambo jingine linalonigusa zaidi ya hili la bei. Mvuvi yeyote wa mikokoni amewahi kukutana na kaa wawili walioshikana, dume akiwa amembeba jike chini ya kifua chake. Watu hufurahi, kwa kuwa wamepata wawili kwa mkono mmoja. Kumbe dume yule humbeba jike kwa siku kadhaa akingoja avue gamba, kwa sababu jike wa kaa wa mikoko hujamiiana akiwa ametoka tu kuvua, gamba lake lingali laini, na dume hubaki akimlinda hadi gamba hilo liwe gumu. Kwa jike kijana huo ndio uvuaji unaombadilisha kuwa mkubwa: mkia wake uliokunjwa tumboni, ambao awali ulikuwa na umbo la pembetatu, hutoka ukiwa mpana na wa mviringo, tayari kubeba mayai. Mbegu za dume huhifadhiwa mwilini mwake, na baadaye huelekea maji ya kina kutaga mayai yanayohesabiwa kwa mamilioni. Jozi moja ikiingia kikapuni kabla ya hapo, kilichopotea si kaa wawili. Ninawaomba wavuvi kwa dhati kabisa waziache jozi hizi. Ni ombi dogo, kwani jike wa jozi hiyo akishavua hana nyama ya kumpatia mtu fedha ya maana kwa wakati huo.

Niseme pia kidogo kuhusu magando yaliyovunjika. Kaa anapovutwa kwa nguvu kutoka shimoni kwa chuma chenye ncha iliyopinda, mara nyingi huachia gando lake mwenyewe ili mwili upone, na wapo wanaoamini kwamba basi huyo amekwisha. Hajaisha. Kichipukizi cha gando jipya huota mahali palipokatika kikiwa kimekunjwa, na kaa anapovua gamba hukunjuka na kuwa gando kamili, ingawa dogo, likikamilika ukubwa wake katika uvuaji wa mara zinazofuata. Kaa mdogo aliyepoteza gando akirudishwa majini anaweza kurudi sokoni siku moja akiwa na magando yote mawili.

Nyumbani nako tunayaona mambo haya bila kuyatambua. Mende mweupe anayeonekana usiku jikoni, ambaye watu husema ni wa aina ya peke yake, ni mende wa kawaida aliyetoka kuvua saa ileile. Ukimwacha hadi asubuhi atakuwa kahawia kama wenzake. Ngozi zilizoachwa na mende zikisagika huwa sehemu ya vumbi la nyumba, na vumbi hilo huwasumbua baadhi ya wenye pumu, kwa hiyo kufagia nyuma ya makabati kuna maana zaidi ya usafi wa macho. Jongoo naye hujichimbia ardhini anapovua, huongezewa pingili na miguu, na mara nyingi hula ngozi yake ya zamani.

Nani humwambia mdudu kwamba wakati umefika? Jibu lilipatikana polepole. Mpolandi Stefan Kopeć, katika majaribio aliyoyachapisha kati ya mwaka 1917 na 1922, alionyesha kwamba kiwavi anahitaji ubongo wake ili ageuke pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu kamili. Mwaka 1954 Wajerumani Adolf Butenandt na Peter Karlson walifanikiwa kuitenga homoni, yaani kemikali ya mwili inayotoa amri, ya kuvua gamba, iitwayo ekidisoni, wakipata miligramu 25 tu kutoka katika takriban kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri. Homoni hiyo ndiyo inayoamrisha kuvua. Homoni ya pili, iitwayo homoni ya utoto, ndiyo inayoamua mdudu atoke akiwa nani: ikiwa nyingi, anatoka kiwavi mkubwa zaidi, ikipungua, anasonga mbele kuelekea utu uzima. Kwa kaa na kamba kuna tezi ndani ya vikonyo vya macho inayozuia uvuaji hadi wakati wake, na kikonyo kikikatwa mnyama huharakisha kuvua.

Wewe, Mhariri, ukiwa mtu wa magazeti, huenda ukapendezwa na kisa kimoja katika historia hii. Mwaka 1965 mtafiti Karel Sláma alikwenda na wadudu wake kutoka Prague hadi Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika maabara ya Carroll Williams. Wadudu wale, ambao kwao Ulaya walipita hatua tano za utoto kisha wakakomaa, huko Marekani walikataa kukomaa. Walivua tena na tena wakabaki watoto wakubwa kupita kiasi, kisha wakafa. Baada ya kuchunguza kila kitu iligundulika kwamba chanzo kilikuwa karatasi iliyowekwa ndani ya vyombo vyao. Karatasi za Marekani, zikiwamo kurasa za gazeti la New York Times, zilileta athari hiyo, lakini kurasa za gazeti la Times la London hazikuileta. Mti mmoja wa jamii ya misonobari wa Amerika ya Kaskazini, uliotumika kutengeneza karatasi zile, una kemikali inayofanana na homoni ya utoto ya wadudu hao. Kutokana na elimu ya namna hiyo zimetengenezwa dawa zinazozuia pupa wa mbu kutoka akiwa mbu kamili, pasipo kuhitaji sumu inayoshambulia neva.

Wakulima wetu wa Handeni, Kilindi na Korogwe wana sababu yao ya kulifuatilia jambo hili, nayo ni viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuonekana nchini mwaka uliofuata. Kiwavi huyu hupita hatua sita, akivua kati ya kila hatua na inayofuata. Anapoanguliwa ana urefu wa milimita moja hivi na hukwangua tu uso wa jani, akiacha madoa meupe yanayopitisha mwanga. Sehemu kubwa sana ya mahindi anayoyaharibu katika maisha yake huila katika hatua mbili za mwisho, na kufikia wakati huo amejificha ndani ya moyo wa mhindi, amezibwa na kinyesi chake, na dawa haimfikii vizuri. Mkulima anayesubiri kuona majani yamechanika ndipo anunue dawa anakuwa amechelewa kwa hatua tatu au nne. Anayekagua shamba tangu mahindi yakiwa machanga, akayaona yale madoa meupe na mafungu ya mayai, ana nafasi ya kuokoa kitu.

Tena dawa mojawapo imesimama uani kwetu. Kokwa za mwarobaini zina kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo huvuruga utendaji wa ekidisoni, na kiwavi aliyeila hupoteza hamu ya kula, hushindwa kuvua gamba na kufa akiwa amekwama. Mwaka 1959 Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona huko Sudan nzige wakiuacha mwarobaini ilhali wamemaliza mimea mingine, na uchunguzi mwingi ulianzia hapo. Kokwa gramu 50 zilizotwangwa hulowekwa katika lita moja ya maji usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, huongezwa sabuni kidogo, na hunyunyiziwa jioni, kwa sababu jua huiharibu kemikali hiyo haraka. Nimewasikia wakulima wakisema kwamba mwarobaini haufanyi kazi, kwa vile asubuhi yake viwavi bado walikuwa hai. Hawakuelezwa kwamba dawa hii haiui kwa kugusa. Inamngoja kiwavi afike kwenye zamu yake ya kuvua, na zamu hiyo huja baada ya siku chache. Kwa hiyo lazima itumike mapema, viwavi wakiwa wadogo na bado wana zamu nyingi mbele yao. Kiwavi aliyefika hatua ya mwisho ameshakula alichokusudia kula.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nao huuliza kwa nini waogeshe mifugo kila mara ilhali kupe wameshaondolewa. Kupe anayeeneza ndigana kali hula damu kwa mnyama, hudondoka, huvua gamba majanini, kisha hupanda mnyama mwingine. Hufanya hivyo akiwa mchanga mwenye miguu sita na akiwa kijana mwenye miguu minane, kisha hula damu kwa mara ya mwisho akiwa mkubwa. Vimelea alivyovipata katika hatua moja huvuka naye katika uvuaji na kuingia kwa ng'ombe katika hatua inayofuata. Kupe walio majanini wakivua hawaonani na josho la leo.

Kwa haya yote nina ombi kwa maafisa uvuvi, maafisa ugani na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vya mwambao wetu. Pale penye mnada wa kaa pabandikwe picha tatu kubwa: jike mchanga mwenye mkia wa pembetatu, jike mkubwa mwenye mkia wa mviringo, na jozi ya kaa walioshikana, na chini yake yaandikwe maneno machache yanayomtaka mvuvi ambonyeze kaa kifuani kabla ya kumtia kikapuni, amwache anayebonyea, na asiiguse jozi. Picha hizo zichorwe na vijana wa shule zilizo karibu, maana wengi wao wazazi wao ni wavuvi na wataeleza nyumbani walichokichora. Kwa upande wa mashamba, maafisa ugani wapite vijijini wiki za mwanzo baada ya mahindi kuota, wala wasisubiri malalamiko yafike ofisini, na wakulima waokote kokwa za mwarobaini zinapodondoka, wazikaushe kivulini na kuziweka akiba kwa ajili ya msimu.

Mwalimu wa Baiolojia,
Chumbageni, Tanga.